Ndege wa Bwana kwenye Bwawa la Mama Mkwe

Mmenibana sana, basi nitasema, lakini jueni kwamba hadi leo nikipita njia ya Lusangi nainamisha kichwa kwa aibu.

Nilikuwa kapita wa mpunga huko Kabambare, yaani mtu wa kuwasukuma watu walime mashamba ambayo serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha (kazi isiyokupatia marafiki), na bwana wetu wa kilimo, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, alikuwa anatafuta ndege. Si wa kula. Alitaka kuona vindege vya miguu mirefu ambavyo, alisema, huishi kwenye matope ya bahari ya kwao, na baridi ikianza hukimbilia huku kwetu bara. Akatuuliza makapita wote, “Nani anajua kwenye iko?” Mimi nikasema najua. Domo tu.

Kweli niliwahi kuwaona kwa mbali, wakidonoa kando ya bwawa ambamo wanawake wa Lusangi huloweka muhogo. Ila Lusangi ni kwao Feza, mchumba wangu, na bwawa lile ni la wanawake, mwanamume hasogei. Nikajipa moyo kwamba ni siku ya soko, hatutamkuta mtu.

Asubuhi tukajificha kwenye matete, na ndege wakaja. Bwana akanipa darubini nami nione. Nikaona miguu myembamba, ya njano, ya ndege. Halafu nikaona miguu minene, nikapandisha darubini, kumbe ni mama mkwe.

Hakwenda soko. (Baadaye nilijua alikuwa anaopoa muhogo wa bugali wa jamaa zangu, waliokuwa waje Jumapili kupanga harusi.) Nguo ameikunja hadi mapajani. Sasa kwetu mkwe hatazamwi hata usoni, ukikutana naye njiani unaingia majanini hadi apite, na mimi nilikuwa nimemvuta karibu kwa kioo cha mzungu!

“Bwana, ile mama iko mukwe yangu. Niache nitoke.”

Akanikamata shati. “Usitikisike. Ndege itaruka.”

Na wale ndege, kwa kuwa mama alikuwa anakoroga matope na wadudu wanatoka, wakawa wanamfuata kama kuku, na kila hatua yake ilikuwa ya kuja kwetu. Nikafumba macho. Nikasikia maji yakisogea, nikasema moyoni Feza ndiyo basi tena, nani atampa binti yake mtu wa namna hii?

Nikashindwa kuvumilia. Nikajifunika shati usoni nisimwone, nikarudi kinyumenyume, nikatumbukia kwenye shimo la muhogo uliooza (harufu yake mnaijua). Ndege wote wakapaa, bwana akatukana kwa Kifaransa.

“Nani iko mu matete?” mama mkwe akauliza.

Nikajibu, kwa jina langu kamili, pamoja na la baba.

Mshenga wangu alipeleka mbuzi wa kuomba radhi, akaeleza kwamba nilifuata ndege tu, si mama. Mbuzi akapokelewa, na jibu likarudi: “Atabeba mutoto yangu siku ile ndege yote itarudia kwao. Hapana mbele ya ile siku.”

Basi mimi, niliyekuwa sina habari na ndege, nikawa nawachungulia kutoka barabarani msimu mzima wa mvua, naomba Ulaya kupate joto. Wakapungua, wakaondoka. Akabaki mmoja. Nikamtuma mshenga aulize kama huyo mmoja naye anahesabiwa. “Moja haiko ndege?” akajibiwa. Na bwana alikwisha kuniambia kwamba wapo wasioondoka, wanangoja mpaka wenzao warudi. Nilikosa usingizi.

Siku moja Feza akanikuta palepale barabarani, akasema yule wa mwisho amekwenda. Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta, kama ya mtu aliyetoka kula nyama.

Tukaoana. Siku hizi mtu akiniuliza kama najua ndege, namwambia najua kuku. Na yule wa mwisho alikwenda wapi, naapa, sitamuuliza Feza mpaka nife.