Unga Mweupe Ndani ya Chupa

Wenzake wa idara ya maji walimwita Bi Usafi, na jina likamkaa sawasawa. Mwanamke gani yule! Ukiacha kikombe mezani ukageuka kidogo tu, kimeshaoshwa, na wewe umeshasemwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mji na sanduku la barafu, akikinga maji kwenye mabomba ya shule, zahanati na nyumba za watu, kisha kuyapeleka maabara.

Kwa miaka kumi na tisa alikinga maji ya kupimwa vijidudu. Mwaka huu wakamwongezea kipimo kingine. Dawa inayoua vijidudu, walimwambia, ikikutana na mabaki ya majani na tope la mtoni huzaa kemikali nyingine, na hizo mtu akizinywa kwa wingi miaka nenda miaka rudi zinaweza kumdhuru. Akapewa chupa mpya, ndogo, pamoja na karatasi ya maelekezo. Karatasi aliikunja akaitia mkobani. Afundishwe kukinga maji, yeye?

Majibu ya kipimo hicho yakatoka juu ya kikomo. Mwezi wa pili, juu zaidi. Mhandisi, kijana mpole aliyemwita shangazi, akakosa raha kabisa. Akaandika barua, akamsomea Bi Usafi: kesho asubuhi dawa ipunguzwe nusu.

Alasiri hiyo Bi Usafi alikuwa maabara, anamgombeza mpimaji. "Mwanangu, huyo anayewaoshea chupa mfukuzeni! Kila moja inakuja na unga mweupe chini. Bahati yenu mimi nazisuuza mara tatu tatu."

Mpimaji akaweka kalamu chini. "Unazisuuza?"

"Sasa nikinge maji juu ya uchafu?"

"Mama, ule unga tunautia sisi! Ndio unaoizima dawa humo chupani. Ukiumwaga, dawa inaendelea kuzaa zile kemikali njia nzima mpaka hapa. Kumbe tumepima ya chupani, si ya bombani!"

Loo! Bi Usafi alijikalia kwenye ndoo iliyofunikwa. Mpimaji akamwonea huruma, akamnong'oneza, "Kuanzia leo wewe acha tu kusuuza. Majibu yatashuka yenyewe, nani atajua?"

Shauri lilikuwa tamu, tusidanganyane. Lakini dawa ikipunguzwa kesho, vijidudu vitastarehe mabombani, na watoto wa mji mzima wataharisha kwa sababu ya mwanamke mmoja msafi kupita kiasi. Akanyanyuka, akatoka mbiombio.

Alimkuta mhandisi anafunga mlango wa ofisi. "Mwanangu, dawa usiiguse. Kosa ni langu." Akamweleza yote, hata pale alipomsema vibaya mwosha chupa. Mhandisi alijaribu kukaza uso, wapi! Alicheka mpaka akashikilia ukuta. Kisha akaichana barua. Bi Usafi akaomba daftari la majibu, akayapiga mstari yote ya miezi miwili, na pembeni akaandika kwa mkono wake: nilisuuza chupa. Iliuma, asikuambie mtu.

Wakakinga upya mji mzima, unga ukiwa ndani. Kila alipouona, mikono ilimwasha. Ijumaa majibu yakatoka: yote chini ya kikomo. Bi Usafi akapiga kigelegele mle mle ofisini, mbele ya wageni. Simu ikalia, mkurugenzi wa idara anataka kumjua huyo hodari aliyeokoa mambo.

"Ni yuleyule aliyeyaharibu, bosi," mhandisi akajibu, akampa Bi Usafi simu.