Mtu Niliyemwogesha Siku ya Mtihani

Namshukuru Mungu aliyenivumilia miaka yote ya uuguzi, hata siku nilipojivuna.

Nilikuwa muuguzi msaidizi hapa Mwanza, nikarudi darasani utu uzimani ili niwe muuguzi kamili. Mtihani wa mwisho ulikuwa kumwogesha mgonjwa kitandani, mwalimu akitazama. Nikishindwa, ningerudi nilikotoka.

Nilipewa kitanda namba sita, mama mwenye nimonia. Nilimkuta mwanamke amelala, amejifunika kanga. Wanafunzi wenzangu, mabinti wadogo, walimuuliza kila mgonjwa jina lake kwanza. Mimi nilijiona mzoefu.

“Shikamoo, mama nesi.”

“Marahaba. Tulia nikuogeshe.”

“Lakini mama, mimi...”

“Usione haya, mwanangu. Mimi ni mama yako.”

Akaninyooshea mkono. Nilimsugua mikono, mgongo na miguu, nikamgeukia mwalimu kwa majivuno: “Homa imeshuka kabisa, Mungu mkubwa.”

Mtihani niliurudia, nikafaulu, na kazi hii imenipa furaha tele. Ninachojutia hadi leo ni kumkatiza mtu aliyetaka kusema.

Maana siku ile, kabla mwalimu hajanijibu, mwanamke aliyekonda alitoka chooni akijishikiza ukutani.

“We Kabula! Nimekuachia kitanda ujinyooshe tu, umetoka mbali. Ndiyo umeshaogeshwa?”

“Sasa dada,” alijibu yule niliyemwogesha, maji yakimchuruzika, “mama nesi ningemkatalia vipi?”

Wodi nzima ikacheka. Mwalimu akafunga jalada lake.

Mungu akupe afya, msomaji, na ukiugua akujalie muuguzi anayesikiliza.