Shamba la Kaka Ndani ya Kompyuta

Mtani hakasirikiwi. Sisi Wazaramo wa Kisarawe tumelelewa hivyo: Mnyamwezi akija msibani akamtania hata maiti, unacheka na machozi yako. Sina ugomvi na desturi. Ugomvi wangu ni na Mnyamwezi mmoja tu, jirani yangu hapa Kibaha, ninayefanya naye kazi ofisi moja.

Marehemu kaka yangu aliniachia mchezo wa kompyuta wa Kijapani, wa zamani, wa kulima shamba. Kompyuta yangu mpya iliukataa, kwa hiyo kaka alitengeneza kompyuta nyingine ndani yake, ya kuigiza tu, yenye lugha ya Kijapani na saa ya Kijapani. Huku tunapika cha mchana, mle ndani tayari jioni. Herufi hatukuzijua, tulizitambua kwa sura zao, na ile iliyofanana na dirisha ndiyo shamba. Ugonjwa ulipomzuia kushika jembe, ukulima wake wote ulihamia humo. Alipanda figili, akajenga uzio, akafuga ng'ombe. Tulimzika kijijini kwetu Mzenga. Tangu hapo kila Jumapili nilifungua shamba lake nikalimwagilia, basi.

Jirani alizoea kuja kwangu kucheza michezo mingine. Jumapili moja, nikiwa jikoni, akafungua ule wa kaka akaanza shamba lake mwenyewe. Mchezo ule huhifadhi shamba moja tu. Niliporudi na chai nikakuta ardhi tupu, uzio hakuna, ng'ombe hakuna. Aliuona uso wangu, na bado akacheka.

"Marehemu halimi, mtani."

Nilicheka. Mungu anakijua kicheko kile. Alipoondoka nilijifungia chumbani nikalia kama siku ya mazishi, na ofisini nilipolalamika wakanijibu, "Si mtani wako?"

Ndipo nikaanza kuichunguza ile kompyuta ya ndani. Nikagundua kwamba unaweza kuipiga picha ilivyo, na siku yoyote ukiamua kuirudisha kwenye picha hiyo, kila kilichofanyika baadaye kinapotea. Kwa kaka nilikuwa nimechelewa. Kwa jirani sikuchelewa. Nikaipiga picha ardhi ile tupu, halafu nikamkaribisha Jumapili iliyofuata.

Nilimlea vizuri. Nilimchemshia mihogo ya Mzenga, nikamfundisha herufi ya dirisha. Akalima msimu baada ya msimu, akajenga nyumba, akaoa humo humo ndani. Ofisini hakuwa na hadithi nyingine. Mwishowe akawaleta wenzetu wote sebuleni kwangu waje kuona mavuno.

Nikasema, "Subirini niwawashie." Nikairudisha picha.

Ikatokea ardhi tupu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, jasho likamtoka.

"Mtani, shamba langu liko wapi? Lirudishe, tafadhali."

"Marehemu halimi," nikamwambia.

Wenzetu wakaangua kicheko wakinipigia makofi. Yeye akanitazama, na nikajua ameelewa. Kisha akacheka, maana mtani hakasirikiwi. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Watu husema kisasi hakimrudishi mtu. Kweli, kaka hajarudi, na shamba lake halijarudi. Ila nilikitazama kicheko cha yule bwana mpaka kikaisha mdomoni, na chai yangu siku hiyo niliimaliza.