Nukta na Madai ya Mama Fundi Cherehani

Hospitalini walimwita Nukta, na yeye alilipokea jina hilo kama cheo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa madai ya bima, katika chumba kisicho na dirisha kilichobanwa kati ya stoo ya mashuka na chumba cha eksirei. Fomu iliyokosa nukta moja ilirudi wodini siku hiyo hiyo, hata kama aliyeijaza ni daktari bingwa. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alisema yeye husahihisha madaftari ya watoto, na mumewe husahihisha karatasi anayotumwa nayo sokoni. Hakuwa akitania.

Mwaka ule hospitali ilianza kuwapandikiza wagonjwa wa moyo kifaa kidogo cha umeme. Kinakaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya wake hupanda hadi shingoni kuchochea mshipa wa fahamu, ili moyo uliochoka kusukuma damu upate ahueni. Lakini kifaa hakijiseti chenyewe. Mgonjwa hurudi kliniki, mtaalamu akatazama kompyuta, akaongeza nguvu kidogo, akapunguza, akamuuliza anajisikiaje. Kazi hiyo ina namba yake ya madai. Kutazama tu bila kubadilisha kitu kuna namba nyingine. Nukta alizijua zote mbili kama anavyowajua wanawe.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mjane wa miaka sitini na minne, ambaye kabla ya kifaa hicho alipumzika mara mbili kati ya kitanda na bafu. Kiliposetiwa mara ya kwanza, sauti ilimkauka na pumzi ikambana. Akarudi, wakapunguza, akawa sawa. Madai ya safari hiyo ya pili ndiyo yaliyozua kizaazaa.

Kampuni ya bima iliyarudisha ikiuliza ni vipimo vingapi vya kifaa vilivyobadilishwa. Nukta akajibu vitatu, akavitaja. Yakarudi tena: kifaa kilikuwa kimeshasetiwa, kwa nini kisetiwe upya? Akajibu kwa kurasa mbili. Yakarudi mara ya tatu, sasa yakitaka mgonjwa afike mwenyewe mbele ya daktari wa bima. Kilichomuuma Nukta si kukataliwa. Ni kwamba barua ya kukataa haikuwa na kosa hata moja.

Akamsindikiza mama. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu. Mama alipanda polepole, mkono kwenye reli, bila kutua. Nukta, ambaye tangu ujana kazi yake ni ya kiti, ndiye aliyeomba wapumzike ghorofa ya pili, na tena ya tatu. Daktari wa bima alikuwa amesimama juu ya ngazi na kikombe chake cha chai, akawaona. Walipoingia ofisini akaandika: mgonjwa anapanda ngazi vizuri, hana dalili, kuseti hakukuwa lazima.

Nukta alifungua mdomo ataje kifungu cha mkataba, lakini pumzi haikumruhusu. Akasema yule mama.

"Mwanangu, cherehani ikishona vizuri ni kwa sababu kuna mtu aliigusa skrubu. Wewe unaniambia kwa kuwa inashona, skrubu haikuwa na kazi."

Daktari alisema utaratibu ni utaratibu.

"Sawa. Basi mwiteni mtaalamu akirudishe kifaa kilivyokuwa mwanzo. Nitashuka ngazi hizi na kuzipanda tena, wewe unihesabie. Nikianguka, andika kwamba ilikuwa lazima."

Akaketi, akatoa gauni kwenye mkoba, akaanza kulishona pindo kwa mkono akisubiri. Daktari alimtazama, kisha akamtazama Nukta aliyekuwa bado anahema, akauliza kwa upole ni nani hasa mgonjwa. Halafu akafuta alichoandika, akasaini madai.

Wiki mbili baadaye madai yalikubaliwa, chini ya namba ya kuseti kifaa cha kusaidia kusikia. Nukta aliandika barua ya masahihisho mara moja. Mhasibu mkuu wa hospitali, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga chumba kile, alikuja mwenyewe kumsihi asiitume. Nukta aliikunja, akaitia mfukoni, na jioni hakula vizuri. Mkewe alipoelezwa alicheka hadi akatafuta kiti.

Kwenye kumbukumbu za bima, mama fundi alikuwa sasa mgonjwa wa masikio, kwa hiyo wakamwandikia akapimwe. Akaenda kwa adabu tu. Sikio la kushoto likakutwa kweli halisikii vizuri, na mpimaji akaulaumu mlio wa cherehani wa miaka yote ile. Akapewa tarehe ya kwenda kuchukua kifaa chake cha kusikia.

Alipita kwa Nukta kumshukuru, akiamini ni yeye aliyeyapanga yote. Nukta hakuweza kupokea shukrani isiyo yake. Alimweleza kosa lilivyotokea, namba kwa namba, kwa uaminifu na kwa sauti yake ya chini ya siku zote. Mama alikuwa amemgeuzia upande wa kushoto. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, hadi mwisho, akamshukuru tena, akaenda zake.