Ubatizo wa Saa Nne Asubuhi

Habari hii nilikuwa nimeapa nisiisimulie kwa mtu, maana mpaka leo nikipita pale pwani karibu na soko la samaki navuta mtandio mpaka puani, lakini kwa kuwa nusu yenu mmeshaiona mtandaoni na mmecheka (msikatae, nawajua), basi bora mnisikie mimi mwenyewe niliyeiharibu.

Mnajua kanisa letu lilivyo, mabati na viti vya plastiki, na Jumapili tukisema tumejaa ujue ni mistari mitatu ya mbele. Mchungaji wetu ni mtu wa Iringa kama sisi, alipohamia Bagamoyo akanichagua mimi kuwa katibu wa uenezi, eti kwa sababu nina saluni na kutwa nzima naongea na watu. Kazi yangu ilikuwa huduma ijulikane na watu waongezeke, na mimi, jamani, mkinipa kazi sifanyi kidogo, nilibandika mabango mpaka Makurunge, nikakabidhiwa simu ya kanisa nikawa narusha ibada mubashara kila Jumapili, na watazamaji wenyewe walikuwa shangazi yangu na mtu mwingine mmoja ambaye nadhani alikuwa anasahau kuzima simu yake.

Sasa kuna Baba Neema. Mume wangu ni fundi wa vigae, mtu mpole, kazi yake safi, ila ana kigugumizi tangu utotoni. Nyumbani anaongea vizuri tu, anakwama hapa na pale, tunamsubiri, anaendelea, hakuna anayeona ajabu. Mbele za watu ndipo maneno yanapomgomea kabisa, na ndiyo sababu miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kubatizwa, maana kwetu mtu mzima anazamishwa kwenye maji mengi na kabla ya hapo lazima akiri kwa kinywa chake mwenyewe, mashahidi wakimsikia. Kila Jumapili alikuwa ananisindikiza mpaka mlangoni mwa kanisa halafu anarudi. Nilimwombea mume wangu mpaka magoti yakaota sugu, sikuwa na ombi lingine kubwa zaidi ya hilo.

Basi mwaka huu baada ya Pasaka, tupo mezani tunakula, akaweka kijiko chini akasema, "Mama Neema, ni-nipo tayari. Ila pasiwe na watu." Nikalia palepale juu ya sahani ya wali. Mchungaji naye alifurahi sana, akapanga iwe Jumamosi alfajiri, baharini, tuwepo yeye na sisi na wazee wawili wa kanisa wa kushuhudia, basi. Akaniambia, "Saa kumi na mbili kamili, mama, wavuvi wameniambia ndiyo saa nzuri," akaenda zake semina Lugoba, na mimi nikabaki na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Hapo ndipo nilipoharibu, na kwa kulitazama lilikuwa jambo dogo tu. Nilijiuliza, saa kumi na mbili nani ataona? Kiza bado hakijatoka vizuri, simu ya kanisa kwenye kiza inatoa weusi mtupu, na ushuhuda mkubwa namna hii unaishia kwa wazee wawili wanaosinzia! Nikasogeza mpaka saa nne asubuhi. Nikatengeneza tangazo, nikaweka picha ya Baba Neema siku ya harusi yetu, chini yake maandishi mekundu NJOO USHUHUDIE, nikalirusha kwenye kila grupu nililomo, la kanisa, la vikoba, la wazazi wa shule, hata lile la wapangaji ambalo tunagombania umeme. Mchungaji nilimwandikia kwamba tumesogeza kidogo ili jua litoke, akajibu amina (hao wavuvi alishawasahau, na mimi sikuwakumbuka hata kidogo). Baba Neema nilimwambia saa tu, watu sikuwataja, nikajisemea moyoni kwamba akiwaona atajikaza, na akishajikaza mara moja atakuwa amepona.

Jumamosi tukafika na bajaji, yeye ndani ya kanzu yake nyeupe niliyomshonea mwenyewe. Watu walikuwa wengi ambao sijawahi kuwaona kanisani hata Krismasi, kwaya imevaa sare, jenereta linanguruma, spika mbili kubwa, vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao. Baba Neema akasimama, mguu mmoja bado uko kwenye bajaji.

"Ha-hawa ni wa nani?"

"Wa Bwana," nikamjibu. (Mungu anisamehe, ndivyo nilivyojibu.)

Akanitazama kidogo, akashusha mguu wa pili. Angeweza kugeuza na bajaji ileile, lakini hakugeuza, alikuwa ameamua na alitaka kweli kubatizwa, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Tulipopita zile spika ndipo nikaona kwamba bahari haipo. Sitanii. Palikuwa na mchanga uliolowa, halafu matope, halafu ngalawa zimelala ubavu, halafu matope mengine, na mbali kabisa mstari mwembamba wa maji unang'aa. Mchungaji akanisogelea, akaninong'oneza huku anatabasamu kwa ajili ya watu, "Mama Neema, bahari iko wapi?"

Alikuwa anapita bibi mmoja mwenye ndoo na kijiti cha kuchokolea pweza, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza maji yamekwenda wapi. Akaniangalia kwa huruma. "Yamekupwa, mwanangu. Mwezi umejaa, hili ni bamvua, saa hizi yanatoka mpaka kule. Alfajiri yalikuwa hapahapa mlipoweka maspika yenu. Subirini alasiri, yatarudi." Akatutakia kheri akaenda zake.

Ushauri ulikuwa huo, mzuri na wa bure. Lakini watu walishakusanyika, na mimi nilishaanza kurusha mubashara, na watazamaji walikuwa wanaongezeka, nikamwonyesha Mchungaji simu, naye akaitazama, akasema, "Twendeni tu, tutayafuata maji." Tukaanza kutembea. Kwaya nyuma inaimba, matope yanapanda, kifundo cha mguu, kisha nusu ya muundi, akina mama wanavua viatu, wimbo unakatikakatika, na ile kanzu nyeupe ikawa imeloa matope mpaka magotini. Maji hata hatukuwa tumeyakaribia watu walipoanza kurudi. Mchungaji kuona anabaki bila mashahidi, akasimama katikati ya matope akasema ungamo tulifanye hapohapo, maji yatafuata, akamwekea Baba Neema mdomoni ile maiki yake isiyo na waya.

"Je, unamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako?"

Jibu lake ni namwamini. Wiki nzima nilikuwa namsikia bafuni anajizoesha kusema neno hilo moja.

"Na," akasema Baba Neema. "Na-na-na-na..." na zile spika kule ufukweni zikawa zinalitupa mji mzima. Watu walikuwa wanasubiri kwa heshima, nasema kweli, walikuwa wanasubiri. Ndipo Mchungaji akajaribu kunyanyua mguu, mguu ukatoka na kandambili ikabaki chini na mlio mbaya wa matope, naye akapepesuka na Biblia yake juu, na mimi nikacheka.

Nilicheka kandambili. Nawaapia, nilicheka kandambili na uchovu na hofu ya asubuhi yote ile, lakini kicheko kilitoka kwa sauti wakati yeye yuko kwenye "na-na," na watu waliposikia mke anacheka wakaona ruksa, kwaya ikaangua kicheko, vijana wa bodaboda wakaanza kumwigiza. Baba Neema akajaribu tena. Akafumba macho, akajaribu mara nyingine. Halafu akaichukua maiki kwa utaratibu, akaniwekea mkononi, akashika pindo la kanzu yake akaondoka peke yake kupita katikati ya zile ngalawa. Na mimi, katibu wa uenezi, nilikuwa bado namrekodi mpaka alipofika barabarani.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameshafua kanzu na kuianika. Nikapiga magoti, nikamweleza habari ya kandambili, mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza.

"Ni-nimeiona video," akasema. "Kandambili haionekani. Wewe u-unasikika."

Hakugomba, na hajagomba mpaka leo. Ananiletea samaki, anauliza saluni imeendaje, anamsaidia Neema hesabu (Neema naye shuleni wanamwita Na-na, aliniambia mimi, baba yake hajamwambia). Ila tukitaka kuomba kabla ya kula anainuka kwenda kunawa mikono, na hurudi tukishamaliza.

Ile video ilikatwa, ikazungushwa, ikafika Mwanza, ikafika mpaka Uarabuni kwa dada zetu wa kazi za ndani, na watu waliokuja kucheka wakakuta mahubiri wakabaki. Huduma imejulikana. Sasa hivi ukichelewa kanisani unakaa nje. Mimi simu nimeirudisha na uenezi nimeuacha, na nimeapa kwamba mtu akiniambia jambo lake na Mungu wake, nitalifunga mdomoni hata kama dunia nzima ingeokoka kwa kulisikia.

Jumapili Baba Neema bado ananisindikiza, ila siku hizi anaishia njia panda. Jumapili iliyopita Mchungaji alisimama madhabahuni akasema yote haya tunayoyaona yalianzia kwa mama mmoja aliyethubutu, akanitaja jina, binti aliyepewa ile simu akaigeuza kunielekea, watu wote wakapiga makofi, na mimi, kwa sababu nilikuwa natazamwa, nikatabasamu na kupiga makofi pamoja nao.