Nahodha Niliyemwacha Mlimani

Mimi, mwanangu, hakuna la kunishangaza tena duniani. Shule niliiacha darasa la tano, nikasukuma mkokoteni wa maji vichochoroni Kibokoni, na leo ukipita Majengo ukauliza duka kubwa la baiskeli ni la nani, hata mtoto mdogo atakuonyesha. Nimejijenga mwenyewe, kwa miguu hii hii. Lakini iko siku moja, kila ikinijia, hunikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Zama hizo nilikuwa nalipwa kuendesha baiskeli za mashindano. Nahodha wa timu yetu alikuwa Athumani wa Tudor, mtu mzima, mpole, aliyenitoa kwenye mkokoteni akanifundisha kazi. Mashindano yalikuwa ya siku kadhaa, na jezi ya njano, ile ya anayeongoza kwa jumla ya muda wa siku zote, ilikuwa mwilini mwake. Wenye timu walimwambia wazi: ukifika nayo mwisho, tunakuandika mwaka mwingine, ukiikosa, umri umekwenda, kwaheri. Na ana watoto wanne. Sote tulijua.

Asubuhi ya kupanda mlima wa Taita, tukinywa chai, akanigawia kazi yangu. Usidhani mchezo ule ni kila mtu na mbio zake, mwanangu. Mmoja hutangulia, akakata upepo na kushika mwendo, nahodha amemganda nyuma, ili wapinzani wasipate upenyo wa kuchomoka.

"Utanivuta mpaka kanisa la juu," akaniambia. "Mwendo wangu, si wako. Nitakuwa nakwambia 'hapo hapo.' Ukiona kimya, geuka."

"Nahodha, mimi nimepandisha madebe ya maji mtaa wa Ndia Kuu!"

"Ndia Kuu haina kona kama hizi, baba. Wewe geuka tu."

Tukaanza kupanda. Kona za kwanza namsikia: hapo hapo, hapo hapo. Miguu ikanikubali. Watu wamejaa kando ya barabara, akina mama wanapiga vigelegele, "Pwani! Pwani!" Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaongeza mwendo. Sauti ya Athumani ikakatika. Nami, mjinga mwenye misuli, nikadhani amenyamaza kwa kunistaajabia.

Nilipogeuka, kanisa lilikuwa linaonekana. Nyuma yangu sura tatu za timu nyingine, zimejibanza kwenye kivuli cha upepo wangu, hazina hata jasho.

"Ahsante kwa lifti, mtu wa Mombasa," mmoja akacheka. "Na bosi wako umemmwaga wapi?"

Wakanipita kama nimesimama. Na kweli nikasimama, nikamngoja. Akaja, uso rangi ya jivu, jezi imemganda kifuani. Nikafungua mdomo. "Twende," akasema, basi. Nikamvuta huku machozi yananitoka, lakini wale wameshakwenda.

Jioni hotelini nikamwendea. "Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita, baba. Mara tatu. Pumzi ya kukuita mara ya nne sikuwa nayo."

Jezi ilimtoka siku ile, na haikurudi. Mwaka uliofuata mimi nikaandikwa upya, matajiri wa timu walizipenda nguvu zangu. Yeye akawa bawabu wa ghala Shimanzi. Tukikutana mjini, masalkheri, watoto hawajambo, na maneno yakaishia hapo. Mwaka juzi tumemzika. Watu walinipisha nishike mbele ya jeneza, maana mimi ni mtu mwenye jina. Nikakataa, nikashika nyuma.

Mwanangu, kutangulia si kufika. Ukipewa watu wa kuwavuta, iwe nyumba, iwe duka, iwe chama, mwendo si wa miguu yako, ni wa yule aliyechoka zaidi. Na mtu wako akinyamaza usijisifu. Geuka umtazame, kwani aliyeelemewa hana pumzi ya kupiga kelele. Mola akupe nguvu, na akupe na shingo ya kugeuka. Akujaalie ufike na wenzio wote, asipungue hata mmoja.

Mimi kila kitu nakijua bei yake. Mlima ule, mpaka mwisho wa hesabu, ulinigharimu vitu viwili: sekunde kumi na tisa zilizomkosesha Athumani jezi, na rafiki mmoja.