Goji Nilizompa Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumanne asubuhi, katika kliniki moja mjini Thika. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia yake mapajani, nami nimesimama kando yake na tai shingoni. Mgonjwa alikuwa yeye, lakini kwa jinsi nilivyovaa ungedhani watu wote walikuwa wamekuja kuniona mimi.

Leo ninyi wajukuu mnaniita guka, yaani babu, na nikiongea mnanisikiliza. Wakati huo nilikuwa kijana wa Kimbo, kule Ruiru, mwenye chumba cha kupanga na maneno mengi, na nilikuwa nimeanza kuuza goji. Unazijua, yale matunda madogo mekundu yaliyokaushwa, yanayofanana na zabibu kavu, matamu yenye uchachu kidogo. Kila Jumamosi tulikutana katika ukumbi mmoja Thika tukafundishwa faida zake. Zina vitamini, zinasaidia macho, zinaupa mwili nguvu. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya, maana tunda ni chakula. Lakini sisi hatukuishia hapo. Tulisema zinatibu sukari, presha, mgongo, kukosa usingizi, na ugonjwa wowote ambao mteja angetutajia. Majirani wakaanza kuniita daktari, nami sikuwakataza. Kilichopendwa zaidi pale ukumbini kilikuwa ushuhuda: mtu anapanda jukwaani na mgonjwa wake aliyepona, watu wanapiga makofi. Mimi sikuwa na mgonjwa wa kupanda naye.

Baba alikuwa mkulima kijijini Ngoliba, mtu wa mahindi na ndengu, asiye na haraka. Mwaka ule mguu ulimvimba, ikagundulika damu imeganda ndani, na kliniki ikampa vidonge vya kuizuia isigande tena. Kila mwezi alipimwa kuona kama dawa inatosha au imezidi. Macho yake pia yalikuwa yanafifia, na kanisani kitabu cha nyimbo alikuwa anakishika tu. Nikaona ushuhuda wangu ndio huo. Nikampelekea goji. Nilimfundisha mama kuziloweka kwa maji ya moto asubuhi, Baba anywe yale maji na kuyala matunda yenyewe, na jioni zitiwe kwenye uji. Alizipenda. Alisema zinampa hamu ya kula, na baada ya wiki chache akasema anaiona barabara vizuri zaidi. Labda aliiona kweli, labda alitaka tu kunifurahisha. Sitajua kamwe.

Basi Jumanne ile daktari, mama mmoja wa makamo, aliyasoma majibu ya damu, akayasoma tena, kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee, damu yako imekuwa nyepesi kupita kiasi. Kuna kitu ingine unatumia huko nyumbani? Dawa ya miti, majani, hata kitu ya kuloweka?"

Baba akaniangalia. Hakuwa mtu wa kuficha. "Kuna kitu kijana yangu huniletea," akaanza.

Nikamshika mkono, nikaubana. "Ni chakula tu ya kawaida, daktari," nikasema. "Hakuna kitu ingine."

Nitakueleza kwa nini, ingawa naona aibu. Jumamosi iliyokuwa inakuja, Baba alikuwa apande jukwaani pamoja nami. Nilijua daktari akisikia atasema ziachwe, na ushuhuda wangu ungekufa pale pale. Tena asubuhi hiyo, tukiwa kwenye foleni, nilikuwa nimemsikia akimgombeza mtu kwa sababu ya dawa za kienyeji, na sikutaka kugombezwa mbele ya baba yangu. Baba akanyamaza. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Daktari akapunguza vidonge, akatuambia turudi baada ya wiki moja, na tukiona damu mahali popote tuje mara moja.

Alhamisi mama alinipigia simu. Baba akipiga mswaki fizi zinatoka damu, na mikononi ana madoa ya bluu. Nikamwambia aongeze goji ili damu ipate nguvu. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, mwanangu, na hakuna siku yanaponiacha.

Ijumaa mchana kichwa kilimuuma, akaanguka uani. Nilipofika wodini nilielezwa kwamba damu imevujia kichwani. Hapo ndipo niliposema yote, mpaka idadi ya vijiko. Waliniambia goji zinaweza kuzizidisha nguvu zile dawa, na kwamba ingetosha kusema Jumanne. Hakuna aliyenigombeza. Ningeshukuru kama wangenigombeza.

Jioni Baba alizinduka kidogo. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea na maneno yalimtoka kwa shida.

"Si ungeniacha tu niseme," akaniambia.

Hakusema lingine. Kesho yake, Jumamosi, akafariki.

Mama aliishi miaka saba baadaye na hakuniuliza kitu. Nafikiri alijua. Nilikuwa namtembelea Ngoliba, ananipa chai, tunazungumza habari za mvua, narudi Kimbo. Watu waliniambia muda utaniponya. Haujaniponya, na nimeshasema uongo wa kutosha kuhusu kupona.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Goji kula ukipenda. Zitafune kavu, ziloweke, zitie kwenye uji, tunda halina kosa. Lakini mtu anayemeza dawa za hospitali, hasa za damu, presha au sukari, asizianze kabla ya kumwuliza daktari wake, wala asiache vidonge vyake kwa ajili ya tunda lolote. Na mkiulizwa kinacholiwa nyumbani, kitajeni chote, hata kile mnachokionea aibu. Kugombezwa ni dakika mbili. Mimi nilizikimbia dakika hizo mbili na sijafika popote.

Mungu akuwekee wazazi wako, mwanangu. Na siku utakapokaa na mmoja wao mbele ya daktari, akifungua mdomo kusema, Mungu autulize mkono wako.